Amri Zilitolewa Baada ya Kuvuka: Mkristo, Sheria ya Mungu na Mapambano Dhidi ya Dhambi



Kutoka Utende, katika kisiwa kikubwa cha Mafia, hadi Chole ni safari ya mashua isiyozidi robo saa, lakini ratiba yake huwekwa na bahari. Maji yakijaa, chombo hufika karibu kabisa na miti ya ufukweni. Yakipwa, abiria huteremka mbali na kutembea katika tope na majani ya bahari, viatu mkononi. Sisi tulifika maji yakiwa yamepwa. Nahodha, Mwislamu mcha Mungu, hakukubali tubebe wenyewe begi la vifaa vya Misa. Alilitia kichwani, akatangulia mbele, akituonyesha pa kukanyaga.

Wakatoliki wanaoishi Chole na katika vijiji vinavyoizunguka ghuba ni wachache mno. Karibu wote ni watu wa bara walioletwa na ajira: watumishi wa umma, mafundi, wafanyakazi wa hoteli. Wanaishi kwa amani na majirani zao Waislamu, wanaalikana harusini na kusaidiana misibani. Kwa Misa ya Dominika huwabidi kuvuka maji na kusafiri hadi Kilindoni, jambo ambalo kwa walio wengi huwezekana mara moja moja tu. Siku ile waliokusanyika hawakufika ishirini.

Baada ya Misa, baba mmoja, mwenye umri mkubwa kuliko wetu, alitufuata barazani. Tulikuwa tumeona kwamba wakati wa Komunyo hakusogea. Aliyotuambia hayakuwa maungamo; kama yangekuwa maungamo, tusingeyaandika hapa hata kwa mafumbo. Yalikuwa mazungumzo ya barazani, naye ameturuhusu kuyaeleza pasipo kutaja jina wala kazi yake, kwa kuwa anaamini kwamba hayuko peke yake.

“Baba,” alisema, “Amri kumi nazijua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na sijawahi kusema kwamba ni mbaya. Lakini dhambi yangu ni moja, ile ile. Nilikuwa naungama, nakaa wiki tatu, narudi. Naungama tena, narudi tena. Mwisho nikaona namfanyia Mungu dhihaka. Sasa ni mwaka wa pili sijaungama wala kupokea. Nimejiwekea ahadi: siku nitakayokuwa nimeiacha kabisa, ndipo nitakapomrudia nikiwa msafi.”

Dhambi yenyewe ni ipi haituhusu, na kwa kusudi la makala haya kila msomaji anaweza kuweka ya kwake mahali hapo. Kinachotuhusu ni ile ahadi. Ina sura ya unyenyekevu, tena ndani yake mna heshima ya kweli kwa Ekaristi Takatifu, kwa maana mtu mwenye dhambi ya mauti hafanyi vema kupokea kabla ya kuungama. Hata hivyo ahadi hiyo imepindua mpangilio wa mambo ya Mungu. Imeifanya sheria kuwa nauli: mtu ailipe kwanza, ndipo avushwe. Maandiko Matakatifu hayasimulii hivyo hata kidogo.

Kwanza kuvuka, kisha Amri

Tukumbuke ni wakati gani Amri zilitolewa. Wana wa Israeli walikuwa watumwa Misri. Mungu hakumtuma Musa kwao akiwa na vibao vya mawe, awaambie kwamba wakizishika Amri kwa uaminifu kwa miaka kadhaa, minyororo itafunguliwa. Aliwatoa kwanza. Wakavuka bahari, wakalishwa mana, wakanyweshwa maji ya mwamba, tena wakinung'unika njiani. Ndipo katika mwezi wa tatu wakafika Sinai. Na hata pale, kabla ya kutamka katazo la kwanza, Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa katika nyumba ya utumwa (Kut 20:2). Katika katekesi tunakariri Amri kwa kifupi ili watoto wazishike upesi, na katika kufupisha huko maneno ya kutolewa utumwani huachwa. Tunadhani hasara yake ni kubwa kuliko tunavyofikiri. Mtoto hukua akijua makatazo, bila kujua kwamba yalisemwa na Mkombozi kwa watu waliokwisha kukombolewa.

Chole ni mahali pa kufaa kulitafakari jambo hili, na tulitembea na yule baba kuelekea kwenye magofu tukiendelea kuzungumza. Mji wa Chole ulikuwa makazi ya wenye mali katika karne ya 19. Wajerumani, walioichukua Mafia mwaka 1890, walikuwa na makao yao ya utawala hapo hadi yalipohamishiwa Kilindoni mwaka 1913. Leo kuta za majumba yao zimeshikwa na mizizi ya miti mikubwa, hivi kwamba ni vigumu kusema kama mti unabomoa ukuta au unauzuia usianguke. Utajiri ule ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka katika mashamba ya minazi ya Mafia, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Wala sisi Wakristo tusijidai mbele ya historia hiyo, kwa maana Wakristo nao walimiliki na kuuza watu kwa karne nyingi.

Uhuru wa kisheria ulikuja polepole. Wajerumani waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 wawe huru. Waingereza ndio waliokomesha utumwa kisheria Tanganyika nzima, mwaka 1922. Tumfikirie mtu aliyezaliwa mtumwa, akafikisha umri wa miaka hamsini, kisha akaambiwa kwamba kuanzia leo yu huru. Hati imetiwa saini, na ni ya kweli. Hakuna mwenye haki tena ya kumwita mali yake. Lakini je, siku ya pili anapopita mbele ya nyumba ya bwana wake wa zamani, macho yake hayatainama yenyewe? Akiitwa kwa sauti ile ya zamani, miguu yake haitaitika kabla ya akili? Uhuru wake si wa uongo kwa sababu ya macho kuinama. Ila anayo safari ya kujifunza kuishi kama mtu huru, na safari hiyo huchukua miaka.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma, mji uliojaa watumwa, akitumia mfano huo huo. Katika sura ya sita anawaambia kwamba kwa Ubatizo wamekufa kwa habari ya dhambi na kuwekwa huru, kisha papo hapo anawahimiza wasiiache dhambi itawale katika miili yao (Rum 6:12-18). Mtu anaweza kuuliza: kama wamekwisha kuwa huru, kwa nini awaonye? Anawaonya kwa sababu wako huru. Mtumwa haonywi asimtii bwana wake. Hana la kuchagua. Anayeonywa ni yule ambaye bwana wa zamani bado anamwita, lakini hana mamlaka tena juu yake.

Sheria huonyesha, neema huwezesha

Basi sheria ina kazi gani? Maji yanayoizunguka Chole yatusaidie tena. Ghuba yote imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995 chini ya Sheria Na. 29 ya mwaka 1994, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822. Hifadhi imegawanywa katika kanda: ipo ya matumizi ya jumla, ipo ya matumizi maalumu, na ipo kanda ya msingi ambamo hairuhusiwi kuvua kabisa. Uvuvi wa baruti umekatazwa kila mahali, na sababu inajulikana na kila mvuvi: mlipuko wa dakika moja huua samaki pamoja na matumbawe ambayo samaki wa kesho wangekulia humo.

Mvuvi asiyejua mpaka anaweza kuuvuka kwa kutojua. Akiisha kuonyeshwa, anajua. Kujua huko ni kwema, kwa kuwa kunalinda chakula cha wanawe. Lakini hakuukazi mkono wake usiku wa manane, mawimbi yametulia na hakuna doria. Pengine kunamletea hata jambo ambalo halikuwapo: anaanza kuwaza kwamba samaki wakubwa wote wako upande ule uliokatazwa. Hivi ndivyo Paulo anavyosema katika sura ya saba ya waraka ule ule. Asingalijua kutamani kama sheria isingalikataza kutamani. Na dhambi, ikipata nafasi kwa ile amri, ikaamsha ndani yake kila namna ya tamaa. Bado anahitimisha kwamba sheria ni takatifu, na amri ni takatifu, ya haki na njema (Rum 7:7-12). Ubaya hauko katika mpaka.

Kwa Wagalatia anatumia picha nyingine, nayo inatoka moja kwa moja katika nyumba zenye watumwa. Anasema sheria ilikuwa kiongozi wa kutuleta kwa Kristo (Gal 3:24). Neno alilotumia la Kigiriki lilikuwa la mtumishi wa nyumbani, mara nyingi mtumwa, aliyekabidhiwa kumchunga mtoto wa bwana na kumpeleka shuleni. Yeye si mwalimu. Humshika mtoto mkono, humkanya asichezee njiani, na humfikisha mlangoni. Ajabu ya yule baba wa Chole ni kwamba ameshikwa mkono na sheria hadi mlangoni pa Daktari, naye amekaa nje miaka miwili akisubiri apone ndipo abishe hodi.

Suala hili lilizua mabishano makali katika Afrika yenyewe, miaka elfu moja na mia sita iliyopita. Pelagio, mtu wa asili ya Uingereza, alifundisha kwamba Mungu akiisha kumpa mwanadamu akili, hiari, sheria na mfano mwema wa Kristo, yaliyobaki ni juhudi ya mtu mwenyewe. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, alimpinga kwa nguvu zote, na hakuwa akisema mambo ya vitabuni tu. Katika Maungamo yake amekiri kwamba ujanani aliomba apewe usafi wa moyo, huku akitumaini kwamba asingepewa upesi. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Walikataa fundisho lisemalo kwamba neema ya Mungu hutusaidia tu kuzifahamu amri. Walifundisha kwamba neema hutupa pia kuyapenda na kuyaweza yale tunayoyafahamu. Msomaji aone jinsi tamko hilo linavyomgusa mtu wa leo. Yule baba hana upungufu wa habari, kwa maana Amri anazijua zote. Anachokosa ni nguvu, nayo haipatikani kwa kukaa mbali na chemchemi yake.

Ndiyo maana Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipojiuliza Sheria Mpya ya Injili ni kitu gani, hakujibu kwamba ni orodha ya amri ngumu zaidi. Alijibu kwamba kwanza kabisa ni neema yenyewe ya Roho Mtakatifu inayotolewa kwa waaminio, na maandishi huja nyuma yake. Nabii Yeremia alikuwa ameahidi jambo hilo, yaani sheria itakayoandikwa mioyoni (Yer 31:33). Neema haiifuti sheria, ila huihamisha kutoka kwenye jiwe na kuiingiza moyoni, ili mtu aanze kutenda kwa upendo lile alilokuwa akilitenda kwa hofu ya kuonekana.

Mkondo na uvujaji

Maji ya ghuba ya Chole huingia na kutoka kwa kupitia milango michache kati ya visiwa na miamba, na mlango wa Kinasi unajulikana kwa mkondo wake. Siku za bamvua mkondo huo huvuta kwa nguvu, upende usipende. Nahodha hana hatia kwa kuwa mkondo upo. Hatia huanza pale anapoachilia usukani kwa makusudi.

Tunalisema hili kwa sababu Wakristo wengi wanateseka kwa kuchanganya mambo mawili. Ubatizo huondoa dhambi ya asili na dhambi zote alizotenda mtu, lakini ndani yake hubaki mwelekeo wa kuvutwa na dhambi, ule ambao katika mafundisho yetu huitwa tamaa. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha tano, Juni 1546, ulifundisha kwamba mwelekeo huo wenyewe si dhambi kwa maana halisi. Paulo huuita dhambi kwa sababu umetoka katika dhambi na unaelekeza kwenye dhambi; umeachwa ndani yetu kwa ajili ya mapambano, wala hauwezi kumdhuru yule asiyeukubali na anayepambana nao kwa neema ya Kristo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalirudia fundisho hilo (KKK 1264). Wazo chafu lililokuja bila kuitwa, hasira iliyochemka ghafla, hamu ya ulevi inayorudi jioni baada ya miezi ya kujizuia: hayo ni mkondo. Kuyahisi si sawa na kuyakubali.

Wafasiri wa Maandiko wamebishana tangu zamani kuhusu yule anayelia, katika sura ya saba ya Warumi, kwamba jema alitakalo halitendi na baya asilolitaka ndilo alitendalo. Wengi wa mababa wa Kigiriki waliona kwamba Paulo anamwigiza mtu aliye chini ya sheria, asiye na neema bado. Augustino naye aliona hivyo mwanzoni. Baadaye akabadili mawazo, akasema Mtume anaweza kuwa anajisema yeye mwenyewe, mbatizwa na mtume, anayehisi mwili ukimvuta. Hatuna haja ya kuyamaliza mabishano hayo hapa. Jambo moja halibishaniwi: sura ya saba haikuandikwa ikae peke yake. Kilio chake hujibiwa kwa shukrani kwa Mungu kwa njia ya Yesu Kristo, na sura ya nane hufunguliwa kwa tangazo kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo.

Tulipomweleza yule baba habari ya mkondo, alitujibu vizuri kuliko tulivyotarajia. “Mimi sisemi habari ya kuvutwa, Baba. Mimi nimeanguka kweli. Mimi ni chombo kinachovuja; nikifua maji leo, kesho yamerudi.” Tulikuwa karibu na mahali ambapo mafundi wa Chole huunda na kukarabati mashua, kazi inayosifika kisiwani kwa vizazi vingi. Tukamwonyesha chombo kilichokuwa kimepandishwa. Hakuna chombo cha mbao kisichopitisha maji. Ndiyo maana fundi hutia kalafati katikati ya mbao, na ndiyo maana baharia hufua maji kila siku, bila kuona aibu na bila kuona kwamba kazi ya jana ilikuwa bure. Ubao ukipasuka, hilo ni jambo jingine. Chombo hakiendi tena baharini hadi kifikishwe kwa fundi. Lakini hatujaona mwenye mashua anayesema kwamba ataipeleka kwa fundi itakapokuwa imekwisha kupona.

Kanisa linatofautisha dhambi nyepesi na dhambi ya mauti, na linataka mambo matatu yawepo pamoja ili dhambi iwe ya mauti: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe na ufahamu kamili, na alikubali kwa makusudi (KKK 1857). Mazoea yaliyoota mizizi yanaweza kupunguza uhuru wa mtu, na kwa hiyo kupunguza hatia yake (KKK 1735). Hatusemi hayo ili kila mtu ajitolee hukumu ya nafuu. Tunasema ili apeleke habari yake yote kwa muungamishi, pamoja na miaka yake, mapigano yake na mara zote alizoshinda bila mtu kujua. Yule baba alikuwa akihesabu maanguko tu. Zile wiki tatu za ushindi kati ya anguko na anguko hakuwa amezihesabu kamwe, wala kujiuliza alizipata kwa nguvu ya nani.

Kuhusu dhihaka aliyoiogopa: muungamaji anatakiwa kukusudia kwa dhati kutotenda tena. Kukusudia si kutabiri. Mtu anaweza kukusudia kwa moyo wote na papo hapo kuogopa, akijifahamu, kwamba huenda akaanguka. Papa Yohane Paulo II alilieleza jambo hili mwaka 1996 katika barua yake kwa Idara ya Toba ya Kitume: hofu ya kuanguka tena haiharibu kusudi lililo la kweli. Anayemdhihaki Mungu ni yule anayeungama huku amekwisha kupanga siku na mahali pa kuirudia dhambi yake. Anayerudi akilia kwa mara ya arobaini hamdhihaki mtu. Anatii neno la Yule aliyetuagiza kusamehe saba mara sabini, naye hatuagizi lile ambalo mwenyewe halitendi.

Kwa walio upande wa pili

Tungekosa haki kama tungewasemesha wenye kukata tamaa tu. Wapo wengine, tena pengine ni wengi zaidi, ambao mapambano hayawasumbui kwa sababu hawapambani. Hao husema kwamba roho i radhi lakini mwili ni dhaifu, kana kwamba Bwana alisema hayo ili kuwapa ruhusa. Aliyasema Gethsemane, pamoja na agizo la kukesha na kuomba wasije wakaingia majaribuni (Mt 26:41). Wao huuchukua udhaifu na kuliacha agizo. Paulo aliwajua watu wa namna hiyo, akawauliza kama tudumu katika dhambi ili neema izidi, na jibu lake lilikuwa hasha (Rum 6:1-2).

Wapo pia wahubiri, nasi tunawasikia hata vipaza sauti vyao vikipita mitaani, wanaofundisha ama kwamba sheria ilikwisha msalabani, ama kwamba aliyeokoka kweli hatendi dhambi tena. Bwana alisema hakuja kuitangua Torati bali kuitimiliza (Mt 5:17), na Mtume Yohane anawaambia waamini waliobatizwa kwamba wakisema hawana dhambi wanajidanganya (1 Yoh 1:8). Tusibishane nao barabarani. Ila mkatoliki aliyechoka na anguko lake asivutwe na ahadi ya kuponywa kabisa kwa usiku mmoja, kwa maana akiamka keshokutwa na mkondo ule ule, atadhani kwamba hakuwahi kupendwa.

Mahali ambapo hakuna anayekuona

Maisha ya kisiwani yana jaribu lake, na wanaokaa huko wametuambia wenyewe. Nyumbani bara kuna jumuiya ndogo ndogo, kuna katekista, kuna shangazi anayeuliza kwa nini hukuonekana Dominika. Chole hakuna hata mmoja wao. Mtu hugundua huko, kwa mara ya kwanza, ni sehemu gani ya wema wake ilikuwa ya Mungu na ni sehemu gani ilikuwa ya macho ya watu. Ugunduzi huo unauma, lakini ni neema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano unaifundisha dhamiri kuwa ni mahali pa siri pa mwanadamu, ambapo yu peke yake na Mungu. Na kwa baadhi yetu mahali hapo huanza kuonekana tu pale kelele za jirani zinapotulia.

Tuliombwa maelekezo kwa walio mbali na padre, nasi tunayaandika kwa wengine wenye hali hiyo. Kitubio hakifanyiki kwa simu wala kwa ujumbe. Mtu anaweza kumpigia padre apate ushauri, lakini ondoleo hutolewa ana kwa ana. Aliyeanguka katika dhambi ya mauti, na padre hayupo, asilale na kukata tamaa hadi mashua ijayo. Na afanye usiku ule ule tendo la majuto kamili, yaani ajute kwa sababu amemkosea Mungu anayempenda kuliko vyote, akiwa na kusudi thabiti la kuungama mara atakapoweza. Majuto ya namna hiyo huleta msamaha hata wa dhambi za mauti (KKK 1452). Hayaondoi wajibu wa kuungama, na kwa kawaida aliye katika hali hiyo hatapokea Komunyo kabla ya kuungama, isipokuwa kama ipo sababu nzito na hakuna nafasi ya kuungama (Kanuni ya 916). Lakini anaamka asubuhi akiwa mwana nyumbani.

Nafasi za dhambi pia zina majina, saa na njia zake. Mara nyingi tunaomba nguvu ya kushinda mahali ambapo hatukupaswa kwenda. Yule baba alipoulizwa dhambi yake huanzia wapi, alifikiri kidogo, kisha akataja saa fulani ya jioni na jambo fulani dogo, lisilo dhambi, ambalo kila mara hutangulia. Alishangaa mwenyewe. Miaka yote alikuwa amepigana mlangoni pa Kinasi, kwenye mkondo mkali, wala hakuwahi kuangalia ni wapi chombo kilianza kuvutwa.

Yaliyofuata ni kati yake na Mungu. Tulipokuwa tukikusanya vifaa alitusindikiza hadi ufukweni, akatuuliza kama ataanguka tena. Tulimjibu kwamba hatujui. Akauliza tutarudi lini. Hilo tulilijua, tukamtajia tarehe, naye akaiandika katika simu yake. Maji yalikuwa yamejaa tayari, mashua imesogea hadi kwenye miti, na nahodha alikuwa akituita tupande.